Shimo la Kumi na Mbili

Baba,

Makaburini tulifundishwa kuwatolea salamu waliolala, kwa hiyo shikamoo yangu isikushangaze. Nakuandikia nikiwa mezani jikoni, nyumba ileile ya uani hapa Rosettenville. Mama yuko chumbani anakunja nguo. Nasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, likifunguliwa na kufungwa.

Ulituacha Januari, mvua zikiwa zimepamba moto. Sasa ni Julai inayoishia na baridi imetushika koo. Bomba la nje huganda kila asubuhi, namwagia birika la maji moto ndipo litoe. Wale Wakongo wa nyumba ya mbele wamepata mtoto wa kiume. Fundi wa viatu aliyekuwa kwenye kona amehamia Bertrams. Na pale uwanja wa gofu, kwenye chumba cha makedi, nyinyi wabeba mifuko ya wachezaji, ule msumari uliokuwa ukitundikia koti lako la kijani bado uko mtupu. Wenzako hawajatundika kitu. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini, akanijibu, "Eish, sisi," yaani dada kwa lugha ya huku, "huo ni msumari wa Tanga." Bado wanakuita Tanga. Jina la Hamza walilisikia siku ya mazishi tu.

Kuna jambo nataka kulisema, ambalo wewe unalijua kuliko mtu yeyote. Lakini sijawahi kukwambia uso kwa uso kwamba nalijua na mimi. Niache nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapohapo nitachana karatasi.

Wakumbuka uliponifundisha? Nilikuwa na miaka tisa. Ulileta fimbo moja ya zamani aliyoitupa mteja wako, ukakata mpini kwa msumeno ufike urefu wangu, tukawa tunapiga mipira ya tenisi ukutani mpaka mwenye nyumba akaja kulalamika. Uliniambia, "Mkono wa kulia ni mgeni, Mwanaidi. Mkaribishe, lakini usimwachie nyumba." Sikuelewa. Nilielewa nilipofika miaka kumi na mitano, siku mpira wangu ulipopaa kwa mara ya kwanza ukanyooka kama uzi, nawe hukusema kitu. Ulikohoa tu, ukatazama pembeni.

Jumatatu asubuhi uwanja ulikuwa wa makedi. Wale mliokuwa mkiwabebea mifuko siku nyingine walibaki makwao, na nyinyi mkacheza. Ulinichukua kila likizo, na hata nilipokuwa mtu mzima nilikuwa naomba zamu za jioni pale dukani nilipokuwa nikiuza ili Jumatatu niwe nawe. Mama alikuwa akisema, "Haya, nendeni mkalime nyasi zenu." Alisema akicheka. Siku hizo alikuwa akicheka.

Jumatatu ile ya Januari ilianza bila wingu. Ulikuwa umevaa kofia ya kitambaa na fulana ile iliyopauka mabegani. Nilikuwa nasubiri jibu la kazi ya duka la dawa, na kila baada ya shimo moja nilitazama simu, nawe ukanikemea kwamba mpira una wivu, hautaki kushindana na simu. Tulipofika shimo la kumi na mbili mawingu yalikuwa yamesimama nyuma ya kile kilima cha mchanga wa mgodi, meusi chini na meupe juu. Ukasema tumalize hili kisha turudi. Tukapiga, tukapanda mpaka kwenye grini, yale majani yaliyonyolewa kuzunguka shimo, ukaegemeza mfuko wa fimbo kwenye ule mkaratusi mkubwa. King'ora cha radi kikalia. Tukaacha kila kitu, tukakimbia kushuka kwenye kibanda cha matofali. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba king'ora kikilia huachi fimbo nusu, unaacha zote.

Tulikuwa ndani, Baba. Tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi. Mvua ilikuwa haijaanza hata tone. Nikapapasa mifuko yangu nikasema, "Baba, nichukulie simu yangu. Ipo kwenye mfuko."

Maneno hayo, si mengine. Sikusema tafadhali. Ungeweza kukataa. Ulitazama nje, ukatazama uso wangu, ukasema, "Leo wanapiga, eeh?" Kisha ukatoka.

Nilikuona ukifika. Nilikuona ukiinama kwenye mfuko pembeni. Halafu ukageuka, ukainua mkono kunionyesha kwamba umeipata.

Sitaandika kilichofuata. Ulikuwepo.

Nitaandika nilichofanya mimi baadaye, kwa sababu hicho hukukiona. Simu ilikuwa imeangukia kwenye nyasi hatua mbili kutoka mkononi mwako. Haikuungua hata kidogo. Niliiokota, nikapiga kuomba gari la wagonjwa, halafu nikaitia mfukoni. Walipokuja watu walikuta mfuko wa fimbo uko chini ya mti na wewe uko kando yake. Bra Sipho, yaani Kaka Sipho, yule msimamizi wa kidirishani anayewapanga watu waanze kucheza, akaniuliza huku akilia, "Alirudi kufuata fimbo?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Basi ikawa hivyo. Kutikisa kichwa kumoja. Polisi waliandika hivyo. Imamu aliambiwa hivyo. Kwenye matanga watu walisimuliana hivyo, na kwa vile kila mtu alijua ulivyozipenda fimbo zako, ulivyozifuta kwa mafuta ya nazi na kuzivika soksi, hakuna aliyeshangaa. Wengine hata walitabasamu kidogo, kama wanavyotabasamu watu wakitaja tabia ya marehemu. Kesho yake ujumbe wa kazi ukaingia kwenye simu hiyohiyo. Nilipata, Baba. Naamka kila siku naenda kwenye kazi hiyo.

Lakini Mama hakutabasamu. Siku ya tatu aliingia jikoni, akasimama mbele ya mfuko wako, akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu kaniacha kwa ajili ya vyuma." Siku ya kutoa taka aliuburuta mpaka nje getini, yeye mwenyewe, na wale wanaume wanaosukuma mikokoteni ya chupa wakauchukua. Nilikuwa dirishani. Niliziona soksi ulizozivika zile fimbo zikining'inia zikienda na barabara mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, ikawaka ya kijani, zikapotea. Picha zako za uwanjani akazitoa ukutani. Amebakiza ile ya pasipoti, ambayo hufanani nayo.

Mwezi wa sita akatangaza kwamba anarudi Tanga, harudi tena huku. Nikamuuliza, na kaburi? Akanijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua, "Alichagua vyuma vyake kuliko sisi. Akae navyo."

Nililala na maneno hayo wiki tatu. Naona ndiyo yaliyonipeleka uwanjani. Sikwenda kutubu. Niseme ukweli, nilikwenda kutafuta kitu cha kunikataza kusema. Nilidhani nikiuona ule mti, moyo utaniambia mambo yaliyopita yamepita.

Ilikuwa Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Nyasi zote za uwanja zimekufa kwa baridi, njano kama majani ya kuezekea, na juu yake umande ulioganda, mweupe. Ukikanyaga unasikia zinavunjika. Bra Sipho alinitazama kwa muda mrefu kwenye kidirisha chake. Kisha akanikodisha fimbo za uwanja, mbovumbovu, akasema haniruhusu kwenda peke yangu, maana wahuni wameanza kuruka uzio wa upande wa mgodi. "Nakuunganisha na mzee Duarte. Yuko peke yake na yeye. Lakini, sisi, mvumilie. Kichwa chake hakiko sawa siku hizi."

Wamkumbuka Mzee Duarte. Utamkosaje, umembebea mfuko miaka kumi na saba. Yule Mreno aliyekuwa na duka la mikate, aliyekutumia boksi la mikate mitamu kila Idi ingawa hakujua Idi ni nini. Amekonda, Baba. Suruali inamzunguka. Anasukuma mfuko wake kwenye kigari cha magurudumu mawili, kwa sababu tangu uondoke amekataa kedi mwingine. Nilimwamkia kwa Kiingereza, nikamwambia mimi ni Mwanaidi, binti wa Tanga. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, baridi kama chuma, akasema, "Bila shaka, bila shaka. Amekuwa akikutaja."

Sikumsahihisha. Nilidhani ni kichwa chake.

Shimo la kwanza alipiga vizuri kwa mzee wa umri wake. Tulipoufikia mpira wake akasimama, akatazama bendera, halafu akasema bila kugeuka, "Tanga, imebaki ngapi?"

Alisubiri kama mtu anavyosubiri mtu mwingine ahesabu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akasema, "Asante," akachomoa fimbo, akapiga. Mpira ukakaa hatua nne kutoka shimoni.

Shimo la pili vivyo hivyo, na la tatu. Kila mara aliuliza, akasubiri, akashukuru. La nne nikajikuta namkaribia ili nisikie. Aliuliza imebaki ngapi, na baada ya kimya akarudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayehakikisha, "Mia moja thelathini na mbili." Akapiga. Nikatembea kutoka pale mpaka bendera nikihesabu kwa hatua ndefu, kama ulivyonifundisha, hatua moja mita moja. Mia moja thelathini na mbili.

Nilijiambia amecheza uwanja huu miaka arobaini, anaujua kama kiganja chake. Inawezekana ndivyo. Lakini mtu huyohuyo, kati ya shimo la tano na la sita, aliniuliza mara mbili leo ni siku gani, na mara moja aliniuliza kama mkewe yumo garini. Mkewe alikufa mimi nikiwa shule ya msingi.

Halafu kulikuwa na kanga. Wakumbuka lile kundi la kanga linaloshinda karibu na bwawa, lisiloogopa watu. Tulipokuwa tunavuka shimo la tisa walikuwa wametanda njiani, kama thelathini. Tulipowakaribia wakagawanyika, tukapita katikati, nyuma yetu wakafunga tena njia. Niligeuka kuwatazama kwa sababu walikuwa wazuri, madoa yao juu ya ule weupe wa umande. Na nikiwa nimegeuka hivyo nikawaona wakigawanyika mara ya pili. Taratibu, bila kuruka, bila kelele. Wakaacha njia ya upana wa mtu mmoja. Kisha wakafunga.

Hapakuwa na mtu, Baba. Uwanja ulikuwa wazi mpaka kwenye nyumba za barabarani.

Mzee Duarte hakugeuka. Ila kuanzia hapo niliona kitu ambacho huenda alikuwa akikifanya tangu mwanzo. Kila aliposimama kupiga, aliacha nafasi kulia kwake, nyuma kidogo, na mimi nikisogea hapo alinipungia mkono niondoke. Ni pale ulipokuwa ukisimama wewe. Ulinieleza, kedi mzuri husimama mahali ambapo kivuli chake hakimfikii mchezaji.

Sikuogopa, hilo ndilo la ajabu. Au niseme niliogopa kwa namna ya mtoto anayejua baba yake yuko nyumbani lakini hajui kama amekasirika.

Tukafika la kumi na mbili.

Mti wako bado umesimama. Nilidhani wangeukata. Umepasuka kuanzia matawi mpaka mizizi, mpasuko mweusi unaotosha kuingiza mkono, na upande mmoja umekauka, upande wa pili una majani. Nilisimama pa kuanzia chini, kibanda cha matofali kikiwa kushoto kwangu. Anga lilikuwa jeupe kwa baridi. Hakuna wingu hata la dawa. Julai mji huu haunyeshi, wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mvua ya Julai ni ya ndotoni.

Niliinua fimbo. King'ora kikalia.

Sijui nikuelezeje. Kilikuwa kilekile, ile sauti ndefu inayopanda na kubaki juu. Nilidhani kinalia ndani ya kichwa changu, kama kilivyolia usiku mwingi tangu Januari. Lakini Mzee Duarte alikuwa amekwisha kuweka fimbo chini. Akaacha kigari chake hapohapo. Akanishika kiwiko kwa adabu, kama anayemsindikiza mgeni wa harusi, akasema, "Twende, twende. Zote unaziacha." Tukaingia kibandani.

Akakaa mwisho wa benchi. Nikakaa mwisho wa pili. Kati yetu palibaki nafasi ya mtu, na sikuweza kuijaza, na yeye hakujaribu. King'ora kikakata. Hadeda watatu, wale ndege wa midomo mirefu, walipita juu wakilia kile kilio chao cha kama wanaochinjwa, kisha kimya. Nilikuwa naona pumzi yangu na naona pumzi ya Mzee Duarte.

Akageuza uso, si kwangu, kwenye ile nafasi, akasikiliza kidogo. Kisha akanitazama na macho yake yalikuwa safi, Baba, kama ya mtu asiyeumwa kitu. Akasema, "Tanga anauliza, ile kazi uliipata?"

Najua. Najua ulikuwa ukimweleza kila mtu habari za ile kazi. Huenda ulimwambia wewe mwenyewe wiki moja kabla, na likabaki kichwani mwake wakati mengine yote yamemwagika. Nimejipa jibu hilo mara nyingi. Lakini pale, wakati ule, nililia mpaka nikakosa pumzi, na nikaiambia ile nafasi, si yule mzee, kwa Kiswahili, "Ndiyo Baba, niliipata. Nilikutuma mimi. Hukufuata fimbo. Nilikutuma mimi nikamwambia kila mtu umefuata fimbo, na Mama anakuchukia kwa sababu yangu."

Nilisema yote. Jinsi nilivyoiokota simu. Jinsi nilivyotikisa kichwa. Jinsi nilivyosimama dirishani nikaacha fimbo zako zichukuliwe na mkokoteni, na ningeweza kukimbia kuzirudisha na sikukimbia, kwa sababu kuzirudisha kungenilazimu kueleza. Mzee Duarte hakuelewa neno hata moja, au alielewa kwa namna yake. Alikaa amekunja mikono mapajani, akitazama mbele, kama mtu aliye msikitini kwa mara ya kwanza asiyejua lini ainuke.

Nilipomaliza baridi ilikuwa imepungua. Jua lilikuwa limefika mlangoni mwa kibanda. Akainuka, akajipangusa, akasema tumalize mchezo.

Tukamaliza. Nilipiga kutoka pale chini, mpira ukaenda ovyo ukaingia kwenye mchanga, na sikujali. Nilipofika juu niligusa mti. Nilikusomea Fatiha. Kuanzia hapo mpaka la kumi na nane Mzee Duarte hakuuliza tena imebaki ngapi. Alipiga ovyo kama mimi, akacheka alipokosa, na aliponiita aliniita kwa jina la binti yake.

Binti yake huyo, Lusia, alikuwa akimsubiri kwenye maegesho. Aliniomba radhi. Alisema, "Kama alikuwa anazungumza na Tanga, nisamehe. Tumemwambia zaidi ya mara kumi kwamba amefariki. Kila tukimwambia analia upya, kwa hiyo tumeacha." Nikamwambia hakuna cha kusamehe.

Nilirudisha fimbo za kukodi. Nikamuuliza Bra Sipho kwa nini amepiga king'ora leo, siku isiyo na wingu. Alinitazama. Akasema, "King'ora gani, sisi? Nyaya zake ziliibwa mwezi wa tano. Tunasubiri watuletee nyingine." Akatoka kwenye kidirisha chake, akanipeleka nyuma ya jengo, akanionyesha. Kile kipaza sauti kiko juu ya nguzo na chini yake kuna kisanduku kilichovunjwa, kitupu, buibui amejenga ndani.

Sikumwambia tulichosikia. Bra Sipho ana moyo mdogo, na yuko pale peke yake asubuhi nyingi.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Mama anakaanga vitunguu. Nilizima jiko ili asiunguze, nikamwambia akae, akakataa kukaa, nikamwambia akiwa amesimama na mwiko mkononi. Sikumweleza kanga wala king'ora. Nilimweleza simu. Maneno yale niliyokwambia kibandani, kama nilivyoyasema Januari. "Baba, nichukulie simu yangu."

Hakunipiga. Hakulia. Aliuweka mwiko, akavua aproni, akaingia chumbani akafunga mlango. Siku nne hakusema nami. Nilikuwa nikitoka kazini nakuta chakula kimefunikwa mezani, cha mtu mmoja. Usidhani ni kile kimya cha watu wanaojiandaa kusamehe. Kilikuwa kimya cha kweli, na nilistahili, na siku ya tatu nilitamani kurudi kwenye uongo wangu, acha nikiri hilo pia.

Siku ya tano, Jumatatu, alikuja jikoni nikiwa nakunywa chai. Akakaa mkabala nami. Akasema, "Kwa hiyo hakufuata vyuma."

"Hakufuata, Mama."

"Alifuata simu yako."

"Ndiyo."

Alikuwa akikwangua kitu kwenye meza kwa ukucha, kitu ambacho hakikuwepo. Akasema, "Miezi sita namnyima dua mume wangu, Mwanaidi. Miezi sita. Kila nikiinua mikono nilikuwa najiambia, huyu kaniacha kwa hiari yake. Hilo si la kwako peke yako kubeba, maana ni mimi niliyemdhania hivyo. Lakini sehemu yako ni nzito. Sitakudanganya."

Nikamwambia najua.

"Na ningekuwa mimi ndiye niliyesahau simu," akasema, "angeifuata vilevile. Na hata kama ningekuwa nimesahau kitana." Hapo ndipo alipolia. Alilia kama alivyopaswa kulia Januari, na nilimshika, na kwa mara ya kwanza hakunitoa mikono.

Ijumaa tulikuja kukuona. Nadhani ulituona. Alikaa kitambo akizungumza nawe, nami nikasogea mbali nisisikie, kwa hiyo sijui alikwambia nini. Aling'oa magugu kwa mikono yake, kisha akanituma maji, akamwagia. Tulipokuwa tunaondoka alirudi mara moja zaidi peke yake. Anarudi Tanga bado, Baba. Tiketi imekwisha kukatwa. Lakini amekuomba ruhusa, na mimi nilimsikia sehemu hiyo. Na picha ya wewe na fimbo begani, ile ya kofia, ameifunga ndani ya kanga mbili katikati ya nguo zake. Ndiyo sababu kabati halitulii, anaipanga anaipangua asijue akiiweka wapi haitavunjika.

Kuna asubuhi naamka nikiwa mwepesi na najichukia kwa wepesi huo. Kuna asubuhi naiona simu mezani na siwezi kuigusa. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nadhani ulipoinua mkono pale juu, ulikuwa ukicheka. Nilikuwa mbali, sikuona vizuri, lakini mabega yako yalikuwa yamekaa vile yanavyokaa ukicheka. Kwa miezi sita sikuthubutu kulikumbuka hilo.

Sasa nikuage, Baba, wino wa kalamu unaelekea kwisha na Mama ananiita nimkalie sanduku lifungike. Lala pema. Mwenyezi Mungu akupanulie mahali ulipo, akuondolee kiza chake. Ahadi yangu ni moja na si kubwa. Nimezungumza na Lusia, na kuanzia wiki ijayo kila Jumatano mimi ndiye nitakayembebea Mzee Duarte mfuko wake, mpaka atakaposhindwa kutembea. Nitasimama kulia kwake, nyuma kidogo, kivuli changu kisimfikie. Akiniuliza mimi imebaki ngapi, nitamhesabia. Akikuuliza wewe, nitanyamaza, umjibu.

Mwanao,
Mwanaidi